Jinsi ya Kuitoa Mashine Karakana ya Chuo na Kuifikisha kwa Mkulima: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Mahindi yanapokauka Mbozi, Njombe na Ludewa, karakana za vyuo vya ufundi huwa na kelele za grinda, kwa sababu ndio msimu ambao wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanamalizia miradi yao: mashine za kupukuchua mahindi, za kukata majani ya ng'ombe, za kukamua mafuta ya parachichi, za kuchambua viazi kwa ukubwa. Mashine hizo hupakwa rangi, hupigwa picha, mwalimu huzipa alama, na nyingi kati yake huishia pembeni mwa karakana zikipata kutu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi au fundi kijana ambaye hataki yake iishie hapo, na kwa mwalimu wake pia, kwa kuwa ninaamini kwamba mchango mkubwa wa elimu ya ufundi katika viwanda vya nchi yetu haupo katika kumfundisha kijana kuchomelea vyuma, kazi ambayo mafundi wengi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wameijua bila kukaa darasani. Mchango wake upo katika vipimo, michoro na kumbukumbu, yaani vitu vinavyowezesha mashine ya kumi kufanana na ya kwanza, na kumwezesha fundi wa Makete kutengeneza kilichoharibika kwenye mashine iliyoundwa Iyunga.

Kwa bahati njema, mikoa yetu haikosi pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, kisha kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, na bado kipo Iyunga. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo katika mikoa yetu, na SIDO, shirika la viwanda vidogo ambalo limekuwapo tangu mwaka 1973, lina ofisi Mbeya na Iringa. Shule za sekondari za ufundi za Ifunda na Iyunga zimekuza mafundi kwa vizazi kadhaa, na tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, katika shule za sekondari. Kinachopungua mara nyingi ni njia ya kutoka kwenye alama za mwalimu hadi kwenye fedha ya mkulima, na ndiyo njia ninayotaka kuieleza.

Anza na hasara unayoweza kuipima

Wanafunzi wengi huchagua mradi kwa kuangalia picha za mashine zilizoundwa kwingine. Usianze hivyo. Nenda mahali ambapo kazi inafanyika, ukae siku nzima au siku mbili, na uondoke na namba kwenye daftari. Ukifika Kilolo au Mufindi ukaamkia kwa "Kamwene", ukawapa wazee shikamoo yao na ukaeleza kwamba umekuja kujifunza, utapewa kigoda na utaambiwa mengi. Ukifika na kalamu mkononi ukianza kuuliza maswali kama karani wa sensa, utajibiwa unachotaka kusikia.

Nitatoa mfano wa mbao, kwa sababu hasara yake inapimika kwa rula. Katika mashamba ya miti ya Sao Hill na maeneo ya Mafinga, mashine ndogo za kupasulia ambazo watu wanaziita ding-dong hutumia msumeno wa mviringo, na msumeno huo kila unapopita hugeuza sehemu ya gogo kuwa vumbi. Tuseme msumeno unakula milimita 6 na wewe unapasua mbao za milimita 25: kila ubao unakugharimu milimita 31 za gogo, hivyo kipande chenye unene wa milimita 310 kinakupa mbao 10. Ukitumia msumeno wa ukanda unaokula milimita 2, kila ubao unagharimu milimita 27, na kipande kilekile kinatoa mbao 11 na masalia kidogo. Ubao mmoja katika kila gogo ni hoja ambayo mwenye mashine ataisikiliza, kwa sababu anajua anauza ubao kwa shilingi ngapi na anapasua magogo mangapi kwa siku. Ukimwendea na maneno ya kwamba mashine yako ni ya kisasa, atakusikiliza kwa heshima kisha ataendelea na kazi yake.

Kwa hiyo, kabla hujashika chuma, hakikisha unaweza kuandika sentensi moja yenye namba: kazi hii inapoteza kiasi hiki kwa siku, au inachukua saa hizi kwa gunia, na anayebeba hasara ni mtu wa aina hii. Ukishindwa kuiandika, rudi ukakae tena siku nyingine.

Chagua vipuri kabla ya kuchora

Hapa ndipo ninapoona miradi mizuri ikifa, na hapa nitakaa kwa muda.

Miaka michache iliyopita nilipelekwa kuona mashine ya kupukuchua mahindi nyumbani kwa mama mmoja, mkulima, upande wa Igawilo. Ilikuwa imesimama chini ya mparachichi, rangi yake ya kijani bado nzuri, na ndani ya hopa, yaani mdomo wa kumwagia mahindi, kuku alikuwa ametagia. Mama alieleza kwamba ilifanya kazi vizuri msimu mmoja, halafu ikaanza kupiga kelele, halafu ngoma, lile pipa lenye meno linalozunguka ndani, ikawa inacheza, na mafundi watatu aliowaita waliondoka bila kuigusa. Nilipofungua nilielewa. Kijana aliyeiunda alikuwa ameokota shafti, yaani mhimili wa kuzungushia ngoma, ya milimita 28 kwenye skrepa, na kwa kuwa hakupata beringi ya kipimo hicho ya kuushikia, alikereza mwenyewe bushi, yaani pete ya shaba, ikakaa sawasawa. Kazi ya mikono yake ilikuwa safi kabisa. Ningeweza kumpa alama za juu. Lakini bushi ilipolika, hakuna duka lililokuwa nayo, hakuna mchoro uliosema kipimo chake, na kijana mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi mbali.

Beringi za kawaida za gololi zina siri ndogo ambayo kila mwanafunzi wa ufundi anapaswa kuikariri. Soma namba iliyochapwa ubavuni, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, utapata kipenyo cha tundu kwa milimita, kuanzia zile zinazoishia na 04 kwenda juu. Beringi ya 6205 inaingia kwenye shafti ya milimita 25, ya 6206 kwenye milimita 30, ya 6208 kwenye milimita 40. Zile zenye nyumba yake ya chuma cha kalibu, ambazo hufungwa kwa bolti mbili, zinafuata hesabu hiyohiyo: UCP 205 ni ya shafti ya 25, UCP 206 ni ya shafti ya 30. Maana yake ni kwamba mashine yako lazima iwe na shafti ya 25 au ya 30 au ya 40, na kamwe isiwe ya 28, hata kama chuma cha 28 umepewa bure.

Fanya hivi: kabla ya kuchora chochote, zunguka maduka ya vipuri ya Mwanjelwa, au ya Ipogolo kama uko Iringa, au ya Makambako kama uko Njombe, na uandike beringi, mikanda, puli (magurudumu yanayopitisha mkanda) na bolti ambazo muuzaji anasema zinatoka kila wiki. Hizo ndizo zinazotumika kwenye mashine za kusaga na kukoboa zilizoko vijijini, kwa hiyo zitaendelea kuwapo. Mashine yako ichorwe kuzunguka orodha hiyo. Mwalimu anaweza kukuambia kwamba ubunifu haupaswi kufungwa na duka la mtaani. Kwa heshima zote, mkulima amefungwa nalo, na mashine ni yake.

Mchoro wenyewe usiwe wa kupendeza tu. Uwe na vipimo vyote kwa milimita, uonyeshe mashine kutoka mbele, ubavuni na juu, na kila kipande kiwe na jina, aina ya chuma, unene, na idadi. Kipimo cha kuthibitisha mchoro ni rahisi: mpe mwanafunzi mwenzako ambaye hajawahi kuiona mashine, umwambie akate vipande vyote bila kukuuliza swali hata moja. Kila swali atakalolazimika kuuliza ni pengo ambalo unapaswa kulijaza.

Hesabu ya mwendo

Mashine nyingi za kupukuchua zinazovunja punje zinavunja kwa sababu ya puli, wala hazina kosa lingine. Kanuni ni kwamba kipenyo cha puli ya injini ukikizidisha kwa mizunguko ya injini, utapata namba ileile utakayoipata ukizidisha kipenyo cha puli ya ngoma kwa mizunguko ya ngoma. Tuseme injini ya dizeli inazunguka mara 2,400 kwa dakika na ina puli ya milimita 100, na wewe unataka ngoma izunguke mara 600. Zidisha 100 kwa 2,400, upate 240,000, ugawanye kwa 600, na puli ya ngoma itakuwa milimita 400. Ikiwa ngoma ina kipenyo cha sentimita 30, meno yake yatakuwa yanapita kwa mwendo wa mita 9.4 hivi kwa sekunde. Sasa mtu akikosa puli ya 400 dukani akafunga ya 300, ngoma itazunguka mara 800 na meno yatakimbia kwa mita 12.5 kwa sekunde na ushee. Kwa macho huoni tofauti, lakini ndani ya gunia utaiona kwa wingi wa chenga.

Andika mizunguko inayotakiwa kwenye kibati kidogo na ukipigilie mwilini mwa mashine, pamoja na kipenyo cha puli zote mbili na namba za beringi. Kibati hicho kitafanya kazi ya mwalimu siku ambayo mwalimu hayupo.

Na kabla hujaendelea mbele, funika mkanda na puli kwa kinga ya bati au wavu. Wanaohudumia mashine hizi vijijini mara nyingi ni akina mama waliojifunga vitenge, na vijana wanaoinama kuokota punje zilizodondoka karibu na mkanda. Mashine isiyo na kinga isitoke karakana, hata kwa majaribio ya saa moja.

Jaribu mbele ya watu, na uandike matokeo mabaya pia

Jaribio la karakanani linathibitisha kwamba mashine inazunguka. Ili kujua kama inafaa, ipeleke shambani, na ufanye jaribio lilelile mara tatu. Pima kilo 100 za mahindi yakiwa kwenye magunzi, washa saa, pukuchua, zima saa. Pima punje zilizotoka, kisha yakusanye magunzi yote, uyapukuchue kwa mkono na upime punje zilizobaki. Kama zimetoka kilo 78 na kwenye magunzi zimebaki kilo 2, punje zote ni kilo 80, na mashine imeacha asilimia 2.5. Baada ya hapo chota kilo moja kutoka sehemu mbalimbali za gunia, uimwage juu ya turubai, utenge punje zilizovunjika na uzipime. Gramu 45 kati ya 1,000 ni asilimia 4.5, na mnunuzi wa mahindi atazihesabu hata kama wewe hukuzihesabu.

Jaribio halina maana bila kujua unyevu wa mahindi, kwa kuwa mahindi mabichi hupondeka na yaliyokauka kupita kiasi hupasuka. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kama ya Makambako, yana vipima unyevu. Ukiwa kijijini bila kifaa, tumia chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, na unapaswa kusubiri. Njia hii haikupi namba kamili, lakini inakuzuia kuilaumu mashine kwa kosa la mahindi.

Mpe mkulima aendeshe mwenyewe, nawe ukae kimya. Utaona anavyosimama, anavyonyanyua ndoo hadi kwenye hopa, na wapi anapoogopa kuweka mkono. Niliwahi kuona hopa iliyowekwa juu kiasi kwamba mama mfupi alilazimika kupanda juu ya tofali kila alipotaka kumwaga. Kijana aliyeiunda alikuwa mrefu, na hakuwahi kulifikiria hilo. Kosa kama hilo hurekebishwa kwa kukata miguu ya mashine sentimita 15, lakini darasani halionekani.

Tengeneza ya pili, ya tatu na ya kumi

Mashine ya kwanza hutengenezwa kwa upendo na muda mwingi, vipande vikilazimishwa kukaa kwa nyundo na faili. Kiwanda huanza pale unapoacha kulazimisha. Njia ya kufika hapo ni kutengeneza vishikio na violezo, ambavyo mafundi huviita jigi: fremu nzito inayoshika vipande mahali pake wakati wa kuchomelea ili joto lisivipinde, na bati nene lenye matundu yaliyotobolewa kwa usahihi ambalo unalilaza juu ya kila kipande kipya na kutoboa kwa kufuata. Utatumia labda wiki mbili kutengeneza jigi bila kupata mashine hata moja ya kuuza, na watu watakuuliza unafanya nini. Vumilia. Baada ya hapo kifuniko cha mashine ya tatu kitaingia kwenye mashine ya saba, na mkulima akipoteza kipande utamtumia kingine kwa basi la asubuhi.

Katika hatua hii usifanye kazi peke yako. Mtafute fundi wa mtaani mwenye mikono mizuri, ambaye pengine hakupita chuoni, mfanye kazi pamoja kwa kuheshimiana: yeye ana sikio la kujua injini inaumwa wapi, wewe una venia ya kupimia na mchoro. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi kama huyo hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Mhimize akichukue, kwa sababu kuna kazi ambazo watu wasio na vyeti hawazipati hata wakiwa na uwezo.

Karatasi, fedha na maonyesho

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa ofisi zenyewe zitakueleza taratibu za siku hiyo. Kama kuna kitu kipya kabisa kwenye mashine yako, nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kabla ya kukionyesha hadharani, kwa sababu sheria inadai upya, na kilichokwisha kuonekana na umma kinaweza kukosa sifa hiyo. Maboresho madogo yasiyofikia kiwango cha hataza nayo yana cheti chake. Maana yake ni kwamba usikimbilie kuipeleka Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, hata kama moyo unakusukuma, mpaka ombi lako limepokelewa. CAMARTEC ya Arusha inahusika na upimaji wa zana za kilimo, na taarifa yake hufungua milango kwa wanunuzi wakubwa. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, husimamia mfuko wa MTUSATE wa kuendeleza sayansi na teknolojia, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yana nafasi kwa vyuo vya ufundi stadi na kwa wabunifu wasio katika mfumo rasmi.

Kwa mtaji mdogo, ulizia mikopo ya SIDO, na ile ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utakapoandika gharama, hesabu kila kitu, yaani umeme, fito za kuchomelea, mawe ya grinda, nauli ya kufuata vyuma, na siku zako mwenyewe. Vijana wengi huuza mashine kwa bei ya chuma chake, na baada ya mashine tano wanajikuta hawana fedha ya kununua chuma cha sita.

Neno kwa walimu na wakuu wa vyuo

Ninawaomba mambo matatu, na ninayaomba kwa moyo wote. Kwanza, tunzeni michoro. Kila mwaka wanafunzi huanza upya mashine ileile ambayo kaka zao waliwahi kuiunda, kwa sababu hakuna kabati lenye mchoro, matokeo ya majaribio na orodha ya makosa. Mwanafunzi wa mwaka huu angepewa kazi ya kurekebisha kosa moja la mashine ya mwaka jana, ndani ya miaka mitano mngekuwa na mashine iliyokomaa. Pili, pangeni mafunzo kwa vitendo yaangukie msimu wa mavuno, kwani mwanafunzi anayekwenda kijijini mwezi wa Januari atakuta mahindi bado yamo shambani na ghala tupu. Tatu, saa ambazo mashine za kukereza zimelala, wekeni utaratibu wa kuwakodishia wahitimu kwa ada ndogo. Kijana aliyemaliza mwezi uliopita anajua kutumia mashine hiyo lakini hawezi kuinunua, na mashine ya karibu zaidi anayoijua ni ile aliyojifunzia.

Mashine ya yule mama wa Igawilo tuliitoa kuku, tukakereza shafti mpya ya milimita 30, tukafunga UCP 206 mbili na kuandika namba zake kwa rangi nyeupe ubavuni. Msimu uliofuata beringi moja ilipoanza kulia, alimtuma mjukuu wake Mwanjelwa na karatasi yenye namba, na jioni ileile wakaendelea kupukuchua.